Taa ya injini haizimiki, na fundi wa gari ni shemeji yangu

Assalaam aleikum, Mshauri.

Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni upishi wa shughuli: harusi, hitima, na chakula cha mchana cha maofisi. Gari ninalotumia ni Toyota Probox ya mwaka 2004 aliyoniachia marehemu mume wangu. Ndilo linalobeba masufuria, majiko ya gesi na magunia ya mchele, ndilo linalonipeleka soko la Kongowea kabla ya jua kutoka, na ndilo linalowapeleka watoto madrasa. Likilala, na mimi nimelala.

Tangu baada ya Ramadhani, taa ile ya njano yenye picha ya injini imekuwa ikiwaka kwenye dashibodi. Gari linakwenda, lakini nikikwama kwenye foleni ya daraja la Nyali linatetemeka mpaka vifuniko vya masufuria vinagongana huko nyuma, na mara nyingine lataka kuzimika. Naona pia mafuta yanakwisha upesi kuliko zamani, ingawa njia zangu ni zile zile.

Fundi wangu ni mdogo wake marehemu. Ana gereji ya wazi kule Magongo, na tangu kaka yake alipotutoka hajanitoza ufundi hata shilingi moja. Mimi hununua spea tu. Amebadilisha plagi zote, amebadilisha koili moja, akasafisha throtoli (kilango cha kupitishia hewa ya injini), akaweka sensa ya oksijeni ya mtumba, akaja akabadilisha na chujio la petroli. Kila akimaliza huchomoa waya wa betri, anangoja kidogo, anaurudisha, na taa inazimika. Nami humshukuru, nikamjazia hotpoti ya pilau aende nayo. Siku chache zikipita, taa hiyo tena. Pesa za spea sasa zimepita karo ya muhula ya mwanangu mkubwa.

Kuna kijana jirani yetu anayefanya kazi gereji moja ya Bamburi. Alinionea huruma akaja na mashine, akaichomeka chini ya usukani, ikatoa namba P0171. Akasema maana yake injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, na kwamba shemeji yangu "anabahatisha tu". Anataka nilipeleke gari kwao likapimwe vizuri, lakini gharama ya kupima peke yake, kabla ya spea yoyote, ni kama faida yangu ya shughuli ndogo nzima.

Nilipomgusia shemeji, hakupandisha sauti. Alifuta mikono kwa tambara, akasema, "Sawa, shemeji, kama umeshapata fundi." Ijumaa iliyofuata hakuja nyumbani, na yeye kila Ijumaa baada ya swala hupita kuwasalimia watoto. Jioni mavyaa wangu akanipigia simu: "Mwanangu amekusitiri miaka yote hii, wewe wamtafutia mtu wa nje?" Nilikosa la kumjibu.

Sasa shemeji amerudi na neno jipya. Asema masega ya kwenye bomba la moshi, yale yanayosafisha moshi, yameziba, ni bora yakatwe, aweke bomba tupu. Ana mtu anayenunua masega kwa bei nzuri, na pesa hizo zitanirudishia sehemu ya nilizotumia. Dada yangu wa toka nitoke naye ana lake: waya wa taa ukatwe, isiwake tena, niliuze gari kabla halijaniharibikia njiani, kwani mnunuzi atajuaje.

Mwisho wa mwezi nina harusi kubwa Mtwapa. Naogopa gari kunizimikia na chakula cha watu ndani. Lakini kuvunja udugu naogopa zaidi, maana watoto wangu hawana amu mwingine hapa mjini. Nimfuate kijana wa mashine, nimwachie shemeji, au niliuze?

Mpishi, Kisauni


Waaleikum salaam, dada yangu.

Pole kwa kufiwa, na pole kwa mzigo huu ambao nje waonekana kuwa taa tu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unachoniambia, kama nimekuelewa, ni kwamba gari linalokulisha lina tatizo lisilojulikana. Anayelishughulikia ni mtu wa nyumbani asiyechukua ujira. Na kila njia unayoitazama, yuko mtu wa kuumia, ama yeye, ama watoto, ama wewe mwenyewe na biashara yako. Hukuandika kwamba shemeji yako ni mtu mbaya. Nimeliona hilo, na nitalishika katika jibu hili lote.

Nianze na usalama, kwa sababu unaendesha na watoto ndani. Taa ya njano ikiwaka bila kupepesa, gari kwa kawaida linaweza kwenda taratibu mpaka liangaliwe. Taa hiyo hiyo ikianza kupepesa, jambo limebadilika: injini inamisi vibaya, petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuungulia ndani ya masega, ambayo hupata moto kupita kiasi yakaharibika. Hapo punguza mwendo, tafuta pa kusimama palipo salama, uzime. Na ikiwaka taa nyekundu ya oili, au sindano ya joto ikipanda, usijikaze kufika nyumbani. Simama hapo hapo. Umesema gari linatetemeka kwenye foleni, lakini hukusema kama taa hupepesa wakati ule. Itazame, kwa kuwa yeyote atakayelipima gari lako atafaidika kulijua hilo.

Sasa hiyo P0171. Kijana wa jirani yako amekutafsiria sawa. Injini ya petroli hutaka takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi huonja kinachotoka na kupeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta huongeza au kupunguza petroli. Namba hiyo hutokea pale kompyuta imeongeza petroli, ikaongeza tena, mpaka ikafika ukingoni, na bado sensa inalalamika kwamba hewa ni nyingi. Namba basi inataja malalamiko. Haitaji kilichoharibika. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, au gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye injini) inayovujisha. Huenda ile sensa ya kupima hewa inayoingia imeshika vumbi ikawa inasema uongo, au pampu ya petroli imechoka. Huenda bomba la moshi lina ufa mbele ya sensa. Au sensa yenyewe ndiyo mbovu. Zote hizo zaweza kuleta namba ile ile moja.

Kwa hivyo nitakuomba ulitazame upya neno "anabahatisha". Gari likitetemeka limesimama, fundi aliyelelewa na injini za kabureta huanza na plagi na koili, na si ujinga kuanza hapo. Chujio la petroli nalo lina mantiki, kwa sababu petroli ikifika kwa uchache, hewa itazidi. Pengo ninaloliona mimi ni moja, nalo ni kubwa: ule waya wa betri. Kuuchomoa huifuta kumbukumbu ya kompyuta, pamoja na rekodi ndogo inayohifadhiwa taa inapowaka, yaani injini ilikuwa na joto gani, ilizunguka kasi gani, gari lilikuwa mwendo upi. Halafu hitilafu za aina hii, katika magari mengi, lazima zionekane katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake tena. Hapo katikati taa iko kimya, nanyi mnashukuriana, hotpoti inatoka, na kumbe hakuna aliyejua kama sensa ile ilisaidia au la. Kuzimika kwa taa hakukuwa jibu la swali lolote. Huyo mtu amefanya kazi kwa bidii huku akiufuta ushahidi wake mwenyewe, na sidhani kama yuko aliyewahi kumkalisha chini akamweleza.

Upande wa pili, usimpe kijana wa mashine zaidi ya alichokionyesha. Kusoma namba ni kazi ya dakika chache. Wapo wenye mashine nzuri ambao wakiona P0171 huagiza sensa mpya moja kwa moja, na hiyo ni bahati nasibu ile ile, ila ya bei ghali zaidi. Swali la kumuuliza kabla hujakubali gharama yake ni hili: baada ya namba, utapima nini? Akikujibu kwa maneno yanayoeleweka, sikiliza. Akikwambia mashine itasema yenyewe, hapo pana mashaka.

Acha nikueleze jibu zuri linavyosikika, ili usikae mbele ya fundi yeyote kama mgeni. Mashine nzuri huonyesha kompyuta imeongeza petroli kwa asilimia ngapi. Ikibaki chini ya 10, kwa kawaida hakuna la kuhofia. Ikifika 20 na zaidi, pana jambo. Fundi huitazama hesabu hiyo gari likiwa limesimama linanguruma, kisha hukanyaga mafuta mpaka kama mizunguko 2500 kwa dakika na kuitazama tena. Ikiwa ilikuwa juu sana gari likinguruma tu, halafu ikashuka alipokanyaga, hewa inajipenyeza mahali fulani baada ya sensa ya hewa. Ufa mdogo huonekana mkubwa injini inapovuta hewa kidogo, na hupotea ndani ya wingi inapovuta nyingi. Ikiwa hesabu inapanda kadiri anavyokanyaga, macho yaende kwenye pampu ya petroli, au kwenye sensa ya hewa yenyewe. Kipimo hiki hakihitaji spea hata moja. Gari lako hutetemeka kwenye foleni na kutulia likienda, kwa hivyo mimi ningependa sana kujua hesabu hizo mbili zinasemaje.

Kipo na kitu mnachoweza kukitazama wewe na shemeji, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Fungueni boneti, mfuate bomba nene la mpira mweusi linalotoka kwenye boksi la chujio la hewa kwenda kwenye throtoli. Lina mikunjo mikunjo. Likitazamwa kwa juu laonekana zima. Mlishike kwa mkono, mlikunje taratibu kila upande, na mtazame ndani ya kila mkunjo, hasa upande wa chini ambako macho hayafiki. Tumieni tochi ya simu na kioo kidogo cha kujipodolea. Mpira wa miaka 20, kwa joto hili la Mombasa, hupasuka kwenye shina la mkunjo. Ufa hubaki umefumba injini ikitulia na hufunguka injini inapojitikisa. Tazameni na vimpira vyembamba vilivyoshikamana na manifoldi, kama vimekauka vikawa vigumu. Halafu soketi za sensa: hewa yetu ya chumvi huingia humo, pini zikaota kutu ya kijani, na sensa nzima ikaonekana mbovu kumbe ni soketi. Mafundi wengine hutafuta uvujaji kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta huku injini ikinguruma. Dawa hiyo hushika moto, na wewe una watoto na mitungi ya gesi karibu. Kama wanayo mashine ya moshi huko Bamburi, inayopuliza moshi ndani ili paonekane panapovuja, hiyo ni njia ya utulivu zaidi.

Kuhusu mafuta kukwisha upesi, usiache kulitaja. Bomba la moshi likiwa na ufa mbele ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani, sensa hudanganyika, na kompyuta humimina petroli ambayo injini haikuihitaji. Alipobadilisha sensa, shemeji yako alilifungua bomba mahali pale pale. Simshutumu. Nasema tu kwamba ni mahali pa kutazama: kama pana masizi meusi kuzunguka kiungo, au mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi.

Tuje kwenye masega, maana hapa ndipo barua yako ilipoanza kunipa wasiwasi. Masega kuziba si jambo la kubuni, hutokea. Lakini dalili yake kubwa ni gari kukosa nguvu, kushindwa kilima, kukataa kupanda mwendo hata ukikanyaga, na hukuandika hata moja kati ya hizo. Tena laweza kupimwa: sensa ya mbele hutolewa, geji ya presha hufungwa kwenye tundu lake, na presha ikisomeka kubwa, njia imeziba. Hewa kuzidi ni malalamiko mengine kabisa, na kukata masega hakutayaondoa. Na ikiwa gari lako lina sensa ya pili nyuma ya masega, utaiongezea kompyuta malalamiko juu ya yale iliyonayo.

Yananunuliwa kwa bei nzuri kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo hugeuza moshi wa sumu kuwa moshi wenye madhara kidogo. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiyaua masega. Gari la umri wa lako laweza kuwa nayo ya asili na yakawa bado yanafanya kazi. Ukiyatoa, monoksidi ya kaboni inayotoka huongezeka, na bomba lililokatwa na kuchomelewa likivuja chini ya gari lililojaa chakula na watoto, hilo si jambo la kulipuuza. Sisemi kwamba shemeji ana nia ya kujinufaisha. Wapo mafundi wengi Mombasa wanaoamini kwa moyo safi kwamba masega ni mzigo tu kwa gari. Lakini ziko pesa upande huo wa ushauri ambazo hazikuwako kwenye plagi, na ni haki yako kuuliza kwa upole: nani atakuwapo yakipimwa, yatauzwa wapi, na kwa kiasi gani.

Umeandika "aliyoniachia marehemu mume wangu". Je, mirathi imeshagawanywa? Mke mwenye watoto hurithi thumni, yaani sehemu moja ya nane, na wengine wana mafungu yao, wakiwamo watoto wako na mavyaa wako mwenyewe. Kama logbuku ingali kwa jina la marehemu na hamjafika kwa kadhi, basi kulikata gari vipande, au kuliuza zima, kunagusa mali ya mayatima. Silitaji hili ili uwe na silaha mkononi. Laweza hata kukupunguzia mzigo: kumwambia shemeji "hili si langu peke yangu kuamua" ni kweli, na hakumdharau mtu.

Ndiyo sababu rai ya dada yako ya kuuza naiona ngumu kuliko alivyoiona yeye, ingawa naujua uchungu uliomfanya aiseme. Kuuza chenyewe si vibaya. Gari la umri huu litaendelea kudai, na huenda mkikaa kama familia mkaona ni bora liuzwe kwa hali yake, bei ishuke, mtafute jingine. Ila ule waya wa taa. Ukiwasha switi kabla ya kupiga stata, taa ya injini hutakiwa kuwaka, kisha izimike injini ikishanguruma. Fundi makini wa mnunuzi huliangalia hilo. Taa isiyowaka kabisa humwambia kwamba kuna kilichofichwa. Na asipogundua yeye, wewe utakuwa unajua. Wewe ni mtu unayelisha watu kwenye hitima zao, na jina lako ndiyo biashara yako.

Kuna na njia ambayo hukuitaja: kuacha tu, kuendesha na taa yake mpaka pesa zipatikane. Wengi hufanya hivyo, na kwa muda mfupi inawezekana. Hatari zake ni mbili. Injini inayokwenda na hewa nyingi kwa muda mrefu huweza kumisi na kupata joto lisilostahili. Nyingine watu huisahau: taa ikishawaka, haiwezi kukuonya kwa jambo jingine jipya, isipokuwa ikianza kupepesa. Ukichagua kungoja, basi usiache tangi likae karibu na mwisho kila siku, kwa sababu pampu iko ndani ya tangi na petroli ndiyo huipoza, na pampu ni mmoja wa washukiwa wetu.

Nimebaki na shemeji, na hapa nataka twende polepole.

Yeye hakutozi. Wewe umeliona hilo kuwa fadhila, na ni fadhila. Lakini hebu tazama limekuwekaje. Huwezi kumwambia rudia kazi. Huwezi kumuuliza kwa nini sensa na si kitu kingine, wala kuomba spea ya zamani uione. Mtu unayemlipa unaweza kumhoji, ila huyu unaweza kumshukuru tu. Na yeye pia kajifunga: akishindwa, hawezi kusema "hili limenizidi, peleka kwingine", kwa sababu hakuja kama fundi, alikuja kama kaka wa marehemu. Alipokujibu "kama umeshapata fundi", ulisikia hasira. Huenda ilikuwa hasira. Nami nimejiuliza kama aliogopa kwamba gari likienda Bamburi, hana tena sababu ya kupita pale kwenu. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini ungeweza kumuuliza kuhusu ile Ijumaa kabla ya kumuuliza kuhusu gari.

Njia moja, kama unaona ataipokea, ni kumfanya awe mwenye gari siku ya kupimwa: "Shemeji, nataka lipimwe kwa mashine, na sitaki kwenda peke yangu, hawa watanizungusha. Twende wote, wewe ndiye unayelijua hili gari." Hapo hakuna uongo hata neno moja. Historia ya kila kilichobadilishwa iko kichwani mwake, na fundi wa Bamburi anaihitaji. Kisha matengenezo yenyewe, kama ni mpira au gasketi, arudi akayafanye yeye Magongo, kwa ujira mtakaokubaliana, hata uwe mdogo. Upo uwezekano akakataa, au akaenda akanuna. Na kijana anaweza kumkebehi mbele yako. Huyo sharti uzungumze naye mapema, kwamba mzee atakayekuja anaheshimiwa. Fundi wa zamani ana yake ya kumfundisha pia. Magari mengi ya Toyota yaliyotengenezewa soko la Japan miaka ile hayaelewani na vile vimashine vya bei rahisi vya bluetooth, na mafundi wakongwe walizisoma namba kwa kuunganisha pini mbili kwa waya na kuhesabu taa inavyopepesa.

Njia nyingine ni kumwacha shemeji aendelee peke yake, lakini kwa mapatano mapya: betri isichomolewe, spea isinunuliwe mpaka kuwe na kipimo kilichoonyesha haja yake, na kila kinachotolewa upewe mkononi. Koili na sensa za zamani kwanza ziulizie ziko wapi, kwa sababu huenda zilikuwa nzima. Hii italinda heshima yake zaidi, na itakuchukulia muda zaidi. Na ukiamua kwenda Bamburi kimya kimya, naelewa kwa nini, ila Kisauni na Magongo si mbali, habari zitafika kwa mavyaa wako kabla hujarudi, tena zikiwa na chumvi.

Huyo mama naye usimpe jibu la simu. Mwendee. Hakulalamika juu ya sensa ya oksijeni. Amepoteza mwana mmoja, na anaona aliyebaki anasukumwa nje ya nyumba ya mwenzake. Ukimweleza hesabu ya spea na karo bila kumlaumu mtu, anaweza kuwa ndiye wa kukaa na mwanawe akamwambia kwamba kupima si kumkataa. Anaweza pia asielewe. Lakini sasa hivi anasikia upande mmoja tu.

Kuhusu Mtwapa, usikubali harusi hiyo ikuharakishe kukata kitu au kuuza kitu. Lipo la kufanya hata kama gari halijajulikana lina nini: kodi pikapu ya siku moja kwa masufuria na majiko, na uzungumze na wenye harusi mapema kuhusu gharama hiyo, kabla hawajamaliza kulipa. Mwombe shemeji akutafutie dereva anayemwamini. Probox iwafuate nyuma na vyombo vyepesi, bila watoto, na kama kufikia siku hiyo itakuwa imeshapimwa, chukua karatasi yenye namba na zile hesabu mbili za petroli, unitumie. Nitazisoma, na tutazungumza tena.